Kabuye, Rose Kanyange

Kabuye, Rose Kanyange (alizaliwa 1961, Muvumba, kaskazini-mashariki mwa Rwanda). Ofisa wa jeshi na mwanasiasa wa Rwanda. Alikuwa mwanamke mwenye cheo cha juu kabisa katika jeshi la chama cha RPF (Rwandan Patriotic Front), akiwa Luteni Kanali. Baada ya vita alikuwa Meya wa Kigali (1994–1998), kisha mbunge, kisha mkuu wa itifaki wa Rais Paul Kagame. Nje ya Rwanda wengi walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza Novemba 2008, alipokamatwa katika uwanja wa ndege wa Frankfurt kwa hati ya jaji wa Ufaransa.

Kama watoto wengi wa Kitutsi wa rika lake, alikulia ukimbizini Uganda. Alisoma Chuo Kikuu cha Makerere, sayansi ya siasa na utawala wa umma, na mwaka 1986 alijiunga na jeshi la waasi la NRA la Yoweri Museveni, mwaka ule ule jeshi hilo lilipoiteka Kampala. Vijana wa Kinyarwanda walikuwa wengi humo, na baadhi walipanda vyeo haraka: Fred Rwigyema alifika kuwa naibu waziri wa ulinzi. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri, na wakimbizi hao walikwenda nacho Rwanda pamoja na silaha na sare.

Desemba 1987 RPF iliundwa Kampala. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1990, askari wa Kinyarwanda walitoroka kambi zao na kukusanyika mpakani. Wakubwa wao waliwaambia watu kwamba wanakwenda kujiandaa kwa sherehe za uhuru wa Uganda za tarehe 9. Tarehe 1 walivuka Kagitumba, eneo ambalo Kabuye alizaliwa karibu nalo. Kesho yake Rwigyema aliuawa. Jeshi lilirudishwa nyuma, likajificha katika milima ya Virunga, na Kagame, aliyerudi kutoka masomo ya kijeshi Marekani, akaanza kulisuka upya. Baadaye makao yao makuu yalikuwa Mulindi, kwenye shamba la chai karibu na mpaka wa Uganda. Wanawake wa RPF waligawana kazi: Aloisea Inyumba alishika mfuko wa fedha upande wa raia, na Kabuye alibaki upande wa sare.

Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993, kati ya serikali na RPF, uliruhusu batalioni moja ya RPF, askari wapatao 600, kupiga kambi Kigali kuwalinda viongozi wake watakaoingia serikalini. Walipewa jengo la bunge la zamani, CND, juu ya kilima, ambako mji wote unaonekana. Ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza, vita vikarudi, na jengo hilo likawa shabaha ya mizinga. Alama za makombora zimeachwa kwenye kuta zake hadi leo, na tangu Desemba 2017 ndani yake pana jumba la makumbusho la vita vya kukomesha mauaji ya kimbari.

Kigali ilianguka tarehe 4 Julai 1994. Serikali ya mpito iliapishwa tarehe 19 mwezi huo, Pasteur Bizimungu akiwa rais na Kagame makamu wake, na Kabuye akakabidhiwa mji. Hakuna meya wa Afrika Mashariki katika karne iliyopita aliyeanza kazi katika hali ile. Serikali iliyokimbia ilikuwa imeondoka na fedha za benki kuu. Maji na umeme havikuwepo. Maiti zilikuwa zimelala majumbani, makanisani na mitaroni, na mbwa waliokuwa wamezoea kuzila walipigwa risasi na askari wa RPF, hata wageni waliofika mwaka ule wakashangaa kuuona mji mkuu usio na mbwa. Huduma ya kwanza ya manispaa ilikuwa kuzika.

Ya pili ilikuwa nyumba, na hapo ndipo ofisi yake ilipopata kesi ambazo sheria haikuwa imezitarajia. Kutoka Uganda, Burundi, Zaire na Tanzania walirudi wakimbizi wa mwaka 1959 na baadaye, mamia kwa maelfu, wengine wakiwa hawajawahi kuiona Rwanda. Kigali ilikuwa na nyumba tupu. Aliyeingia kwanza aliandika jina lake mlangoni, na mlango ukawa wake. Mkataba wa Arusha ulikuwa umekubaliana kwamba mkimbizi aliyekaa nje zaidi ya miaka kumi asidai ardhi yake ya zamani iliyokaliwa na mwingine. Haukusema lolote kuhusu mwenye nyumba aliyekimbia Julai na kurudi Novemba 1996, wakati makambi ya Zaire yalipovunjwa na umati ukamiminika kupitia Goma. Mpangaji asiyelipa kodi alikuwa mara nyingi mwanajeshi au ndugu wa mwanajeshi. Ni vigumu kuona ni raia gani angeweza kumtoa mtu wa namna hiyo. Meya mwenye cheo cha Luteni Kanali aliweza angalau kumwita.

Hapo ndipo njia yake ya siasa inapoeleweka. Hakugombea umeya, na wala hapakuwa na uchaguzi wa kugombea. Aliteuliwa na chama kilichoshinda vita, na cheo chake cha kijeshi ndicho kilichokuwa barua yake ya utambulisho. Wasifu nyingi zinamsifu kama mwanamke aliyevunja ukuta. Ukuta ulikuwa umeshavunjwa na vita. Alichokifanya yeye ni kuingia mapema, akiwa na madaraka mkononi, kabla wengine hawajajenga mwingine.

Mwaka 1998 alihamia Bunge la Mpito, akaongoza kamati ya ulinzi na usalama. Bunge hilo lilikaa katika jengo lile lile la CND. Novemba 1999 ilitoka sheria iliyowapa mabinti haki ya kurithi sawa na ndugu zao wa kiume, jambo lililokuwa zito katika nchi yenye wajane na mayatima wengi wasioweza kudai shamba la baba. Katiba ya 2003 ikatenga walau asilimia 30 ya nafasi za maamuzi kwa wanawake, na uchaguzi wa 2008 ukaipa Rwanda bunge la kwanza duniani lenye wanawake zaidi ya nusu, 45 kati ya 80. Wengi wao hawakuwahi kuvaa sare.

Kwingine katika ukanda huu njia ya kambini kwenda bungeni ni nyembamba, au ina geti. Uganda imelitengea jeshi lake viti bungeni, na wanawake wamo miongoni mwa maofisa wanaovikalia. Kenya imefunga geti: mtumishi wa umma hawezi kuwa mbunge mpaka ajiuzulu. Fatuma Gaiti Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, alipandishwa kuwa Brigedia mwaka 2015, Meja Jenerali wa kwanza mwanamke mwaka 2018, na Mei 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Ngazi yote hiyo ni ya kijeshi. Kaskazini-mashariki mwa Kenya, kuanzia Garissa hadi Eldas katika kaunti ya Wajir, anayetaka kiti hupita kwanza kwa wazee wa koo, ambao huketi na kukubaliana kabla ya kura. Wanawake wameingia zaidi kwa kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti kilichoanza mwaka 2013. Aliyewahi kushinda kiti cha jimbo, Sophia Abdi Noor wa Ijara mwaka 2017, alitoka kwenye kazi za mashirika ya wanawake Garissa, si kwenye kambi. Ukimuuliza mzee wa Eldas kwa nini amkubali binti aliyekuwa kanali, atakuuliza ni wa nani kabla ya kuuliza cheo chake. Kigali ya 1994 haikuwa na wazee wa kuuliza swali hilo. Walikuwa wamekufa, wamekimbia au hawana sauti.

Kabuye alipokuwa mkuu wa itifaki, sare ilimfuata kwa namna nyingine. Novemba 2006 jaji Jean-Louis Bruguière wa Ufaransa alitoa hati za kukamatwa kwa watu tisa wa karibu wa Kagame, akiwemo James Kabarebe, kwa tuhuma za kuitungua ndege ya Habyarimana, ambayo marubani wake walikuwa Wafaransa. Kagame mwenyewe alilindwa na kinga ya mkuu wa nchi. Kabuye alidaiwa kuwahifadhi warushaji makombora ndani ya CND. Rwanda ilivunja uhusiano na Ufaransa mwezi huo huo. Bruguière naye aliacha ujaji, akagombea ubunge mwaka 2007, akashindwa.

Aprili 2008 Kabuye alifika Ujerumani katika msafara wa Kagame na hakuguswa. Tarehe 9 Novemba alirudi kutayarisha ziara nyingine. Wajerumani wakasema safari hii hayumo kwenye msafara rasmi, wakamkamata. Kigali iliandamana, balozi wa Ujerumani akatakiwa kuondoka. Siku kumi baadaye yeye mwenyewe alikubali kupelekwa Paris, na uamuzi huo ulikuwa na hesabu ndani yake: kwa sheria ya Ufaransa, jalada la kesi hufunguliwa kwa mawakili wa utetezi pale tu mshtakiwa mmojawapo anapofikishwa mbele ya jaji. Kwa miaka miwili Kigali ilikuwa ikituhumiwa kwa ushahidi ambao haikuruhusiwa kuusoma. Sasa mawakili wa Kabuye waliusoma. Mwezi huo huo shahidi mkuu, Abdul Ruzibiza, aliyekuwa askari wa RPF, alikana hadharani maelezo yake. Kabuye aliachiwa kwa masharti, akaruhusiwa kwenda nyumbani wakati wa Krismasi, na mwaka 2009 masharti yakaondolewa. Novemba mwaka huo nchi hizo mbili zilirudisha uhusiano wa kibalozi.

Majaji waliorithi jalada, wakiongozwa na Marc Trévidic, walikwenda Kigali na wataalamu wa makombora na sauti. Ripoti ya Januari 2012 iliona kwamba mahali panapowezekana zaidi kuwa ndipo makombora yalipotokea ni kambi ya Kanombe, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Habyarimana. Kesi ilifutwa Desemba 2018, mahakama ya rufaa ikathibitisha mwaka 2020, na mahakama ya juu ya Ufaransa ikaifunga Februari 2022. Kabuye alikuwa ameshaondoka Ikulu miaka mingi nyuma na kuingia kwenye biashara.