Moto wa Toi na mafaili yetu: kusawazisha si kuhifadhi

Soko la Toi, kwa asiyelijua, liko ukingoni mwa Kibera jijini Nairobi, ukishuka kutoka Adams Arcade kwenye barabara ya Ngong kuelekea Makina, mtaa wa ndugu zetu Wanubi. Ni soko la mitumba. Viatu, makoti, mashuka na mikoba, vyote vyapatikana pale, na wapo vijana wetu wa Mombasa na Malindi wanaochukua mzigo Toi wakauza huku Pwani kwa picha za WhatsApp. Soko hilo liliteketezwa mwanzoni mwa 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi. Likaungua tena 2019. Agosti 2024 likaungua usiku, na safari hiyo watu walifariki. Vibanda ni mbao na mabati, vimebanana bega kwa bega, na nguo zenyewe ni kuni.

Habari za moto huhesabu vibanda na mizigo. Kisichohesabiwa ni kumbukumbu: madeni, namba za wateja, risiti, picha za bidhaa, hesabu za chama. Zamani vyote vilikuwa kwenye daftari. Sasa viko kwenye laptopu ya mtumba iliyowekwa chini ya meza. Aliyepoteza robota la nguo aweza kukopeshwa jingine. Aliyepoteza orodha ya watu anaowadai hana pa kuanzia, na wadaiwa wenyewe si wote watakaokuja kumkumbusha. Juu ya hayo, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 yamtaka mfanyabiashara ahifadhi kumbukumbu zake kwa miaka mitano.

Nimewauliza wenye vibanda kadhaa pale, na jamaa wanaofanya kazi za saiba upande wa Makina, wanayalinda vipi mafaili yao. Majibu karibu yote ni mawili: "Iko kwa Drive," au "Niko na flashi." Yote mawili yana walakini, kwa sababu twachanganya kazi tatu zisizofanana: kusawazisha, kuhifadhi nakala, na kuhakiki.

Kusawazisha ni kuzifanya folda mbili zifanane. Unachoongeza huku chaongezeka kule, unachobadilisha chabadilika, na unachofuta chafutika. Mtego uko hapo kwenye kufuta. Google Drive, OneDrive, Dropbox na Syncthing kazi yao ya asili ni hiyo, na waifanya vizuri. Mtoto akiifuta folda ya wateja kwenye kompyuta, kule mtandaoni nako yafutika, na kwenye kompyuta ya pili vilevile. Programu hasidi ikiyafunga mafaili yako na kudai fidia, kama WannaCry ilivyofanya katika nchi nyingi mwezi Mei 2017, basi yale yaliyofungwa ndiyo yatakayopandishwa juu ya yale mazima. Ni kweli Drive huviweka vilivyofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30. Lakini orodha ya madeni ya Ramadhani iliyopita si kitu unachokifungua kila wiki. Waweza kugundua kuwa haipo siku ya 60.

Tena kuna suala la nafasi. Drive hutoa gigabaiti 15 bure, zinazotumiwa kwa pamoja na barua pepe na picha za Google Photos. Muuza viatu anayepiga picha kila jozi huzijaza, kisha usawazishaji wasimama kimya kimya. Mtu aendelea kusema "iko kwa Drive" na haiko.

Kuhifadhi nakala ni jambo jingine. Ni kuwa na toleo la jana, la wiki jana na la mwezi jana, likiwa mahali ambapo kosa la leo haliwezi kulifikia. Windows ina File History tangu toleo la 8 la mwaka 2012: wachomeka diski ya nje, waiwasha mara moja, nayo huweka matoleo ya mafaili kadiri yanavyobadilika. Wengi wanayo na hawajawahi kuifungua.

Kwa mtu wa kibandani mimi hupendekeza FreeFileSync. Yatumika kwenye Windows, Linux na Mac. Yakuonyesha folda mbili ubavu kwa ubavu, na kabla ya kugusa chochote yakuambia faili gani litanakiliwa na lipi litafutwa. Ina njia tatu za kufanya kazi: ya pande mbili, ya kioo, na ya kusasisha tu. Ya kioo huifanya folda ya pili kuwa sawasawa na ya kwanza, pamoja na kufuta. Ya kusasisha tu hupeleka vipya na vilivyobadilika, wala haifuti. Chagua hiyo ya tatu, kisha kwenye mipangilio uwashe uhifadhi wa matoleo, ili faili la zamani lihamishiwe folda yake likiwa na tarehe badala ya kufunikwa. Ukishaiweka hivyo, kazi ya kila jioni ni kuchomeka diski na kubofya mara mbili.

Mafundi wapenda zaidi programu zisizo na madirisha, zinazoendeshwa kwa amri. Robocopy imo ndani ya Windows tangu Vista. Ina nguvu, na nguvu yenyewe yataka adabu: swichi yake ya /MIR hutengeneza kioo, na ukigeuza mpangilio, ukaitaja flashi tupu kuwa ndiyo chanzo, itaisafisha folda yako ya kazi bila kukuuliza. Ongeza /L kwanza. Hapo yaorodhesha tu itakachofanya, haifanyi. Kwa upande wa Linux na Mac kuna rsync, iliyotolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Ubora wake wahusu mifuko yetu: ikituma faili kwenye kompyuta ya mbali yenye rsync pia, hulikata vipande, ikavilinganisha na vilivyoko kule, kisha ikatuma vile tu vilivyobadilika. Jedwali la megabaiti 40 lililoongezwa mistari michache halilazimiki kupita lote mtandaoni. Anayenunua bando la siku ataelewa. Nayo ina swichi ya -n ya kujaribu bila kutenda, na sioni udhuru wa mtu kutoitumia.

Sasa kuhakiki, na hapa ndipo nimewakuta watu wengi mikono mitupu. Faili kuwepo kwenye diski si dalili kwamba lasomeka. Flashi yaweza kutolewa kabla ya kumaliza kuandika, umeme waweza kukatika katikati, diski ya zamani yaweza kuoza sehemu. Jina laonekana, ukubwa waonekana, ukifungua hola. Hata programu nyingi za kusawazisha, FreeFileSync na rsync zikiwemo, kwa kawaida hulinganisha ukubwa na saa ya mwisho ya kubadilishwa, si yaliyomo ndani. Lazima uziagize zisome yaliyomo: kwenye rsync ni swichi ya -c, kwenye FreeFileSync ni kuchagua ulinganishaji wa maudhui. Zinakuwa polepole, kwa hivyo si kazi ya kila siku. Mara moja kwa mwezi yatosha.

Wanavyuoni wa Kiislamu waliijua kazi hii kabla ya umeme. Kitabu kikishanukuliwa kwa mkono kilifanyiwa mukabala: nakala yasomwa mbele ya asili, neno kwa neno, na aliyehakiki huandika pembeni kwamba imelinganishwa. Nakala isiyofanyiwa mukabala haikuaminiwa hivi hivi.

Kompyuta hufanya mukabala kwa njia ya alama iitwayo heshi. Programu yalisoma faili lote na kulipigia hesabu inayotoa mfululizo wa herufi na tarakimu. Kwa SHA-256, kipimo kilichotangazwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mfululizo huo una nafasi 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, alama yote yabadilika. Kwenye Windows huhitaji kusakinisha kitu. Fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile madeni.xlsx SHA256, ukiweka jina la faili lako. Kwenye Linux ni sha256sum. Fanya hivyo kwa faili la asili na kwa nakala. Alama mbili zikifanana, nakala ni nzima. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, haya si mafaili mamoja, hata kama majina yanafanana.

Hakikisha pia chombo chenyewe. Flashi zinazouzwa mitaani Nairobi, na huku kwetu pia, nyingine zimeandikwa gigabaiti 512 na ndani mna chache tu. Zimechezewa ziidanganye kompyuta. Utanakili, zitakubali, na zikishajaa kwa hakika zitaendelea kupokea huku zikitupa au kufunika vya mwanzo. Dawa ni kuijaribu kabla ya kuiamini. H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza flashi data mpaka mwisho kisha huisoma tena yote na kukwambia ukweli. Yaweza kuchukua saa nyingi. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaijaribu. Uso wake utakupa nusu ya jibu.

Kisha, nakala yalala wapi? Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Toi hiyo moja ya nje ndiyo yenye uzito kuliko zote. Flashi inayoning'inia kwenye laptopu itaungua pamoja na laptopu, na diski iliyofungiwa kwenye kasha la bati ndani ya kibanda vilevile. Baada ya vita vya Yamama, mahafidhi wengi walipouawa, Sayyidna Umar alimshauri Sayyidna Abubakar Qur'ani ikusanywe, na zama za Sayyidna Uthman nakala zikapelekwa miji mbalimbali. Sikilinganishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na orodha ya viatu, astaghfirullah. Nasema tu hadhari hii si ngeni kwetu. Mwenye kibanda awe na diski mbili za nje zinazopokezana: moja yaenda naye sokoni, nyingine yabaki nyumbani, na kila Ijumaa wazibadilisha. Mwenye ndugu Mombasa aweza kumwekea ya tatu, au akatumia Syncthing, ambayo hupitisha mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta mbili bila kuyaweka kwa kampuni yoyote. Akiitumia, awashe uhifadhi wa matoleo upande wa ndugu.

Diski inayotoka nyumbani yaweza kupotea kwenye matatu, na ndani yake mna majina na simu za watu, ambayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yaziona ni amana mkononi mwako. Ifunge kwa nywila. 7-Zip, ambayo ni ya bure, hufunga folda kwa usimbaji wa AES-256. Weka alama pia kwenye kisanduku cha kuficha majina ya mafaili. Nywila hiyo haina ofisi ya kwenda kuulizia ikisahaulika. Iandike kwenye karatasi, karatasi ikae nyumbani kwa mtu unayemwamini, mbali na diski na mbali na kibanda, na kila mwezi fungua faili moja kutoka kwenye nakala ukitumia nywila iliyoko kwenye karatasi hiyo, si ile iliyoko kichwani.