Breki au Klachi? Historia Fupi ya Istilahi za Kizongeo cha Mshipi

Makala haya yanahusu kifaa kimoja kidogo cha uvuvi na majina ya viungo vyake. Huenda msomaji akadhani kuwa jambo hilo ni la wavuvi peke yao. Lakini mfasiri akikosea jina la kiungo, fundi naye hukosea kazi. Kwa hiyo twaona kuwa habari hii yawahusu pia walimu na watumishi wa ofisi.

Kifaa chenyewe ni kile kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kuzonga mshipi. Kwa kuwa kazi yake ni kuzonga, tutakiita kizongeo. Tulikutana nacho Nyasura, mjini Bunda, mkoani Mara. Kilikuwa Penn Senator ya zamani, ya aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1936. Mwenyewe ni mtumishi wa umma aliyehamishwa kutoka pwani, naye alikusudia kurudi nacho wakati wa likizo ili avulie chewa na changu penye kina cha bahari.

Nyasura haina bahari. Wavuvi wa Ghuba ya Speke, iliyo karibu, huvua sangara kwa nyavu na kwa kamba ndefu yenye ndoana nyingi, wala hawana haja ya kizongeo. Lakini barabara kuu ya Mwanza na Musoma hupita Bunda, na penye barabara hapakosi fundi wa pikipiki. Kizongeo kilipelekwa kwa fundi wa namna hiyo, nasi tukaombwa tumfasirie karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kueleza yaliyotupata, yafaa turejee nyuma kidogo. Vifaa vya mvuvi wa mshipi wa pwani vilikuwa vichache: mshipi, ndoana, chambo na chubwi, yaani risasi inayozamisha ndoana mpaka chini. Samaki mkubwa akivuta, mvuvi huulegeza mshipi upite vidoleni. Samaki akichoka, huuvuta. Vyombo vya tanga navyo vilikuwa na roda, neno tulilolipata kwa Wareno. Hata hivyo, roda hupitisha kamba tu, haiihifadhi. Ndiyo sababu hatukuona vema kuliazima neno hilo kwa kifaa kinachozonga na kuhifadhi mshipi.

Vizongeo vya kale vya baharini havikuwa na kiungo cha kufanya ile kazi ya vidole. Mvuvi alilibana gurudumu la mshipi kwa kipande cha ngozi chini ya kidole gumba, na samaki alipokimbia, mkono wa kifaa ulizunguka kwa kasi na kumwumiza vidole. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Mmarekani William Boschen alibuni njia nyingine, na fundi Julius vom Hofe akaitengenezea kifaa. Bamba nyembamba zilipangwa ndani ya gia kubwa, zikabanwa kwa kigurudumu chenye umbo la nyota. Mshipi ukivutwa kupita nguvu iliyopimwa, bamba huteleza. Mshipi huenda, na mkono hubaki umetulia.

Hapo ndipo tulipokosea. Kiungo hicho tulikiandika breki, kwa kuwa kinapunguza mwendo. Fundi alikuwa amekwisha kufanya kazi yake vizuri. Alikifungua kifaa na kuvipanga viungo kwa utaratibu. Akaviloweka katika maji baridi ili chumvi iyeyuke. Akaondoa grisi kuukuu kwa mafuta ya taa. Akasugua kutu ya kijani iliyoshika shaba. Bamba za zamani, za ngozi, zilikuwa zimekauka, na mahali pake zilikuwa zimeletwa mpya za nyuzi za kaboni. Karatasi iliagiza zipakwe grisi kidogo ya aina yake. Fundi akakataa.

“Mwalimu,” alisema, “breki haitiwi grisi.”

Alikuwa na haki. Kwa maneno tuliyomwandikia, kutii kungekuwa kosa. Kisha akazitazama bamba kwa makini: moja imeshikana na gia, inayofuata imeshikana na shina la mkono, nyingine tena na gia. Akacheka, akasema, “Hii si breki. Hii ni klachi.” Klachi ya pikipiki nyingi ina bamba zilizopangwa vivyo hivyo, nazo hufanya kazi ndani ya mafuta. Baada ya kupata jina hilo hakuhitaji tena maelezo yetu. Alipaka grisi, akafunga, wala hakukaza nyota mpaka mwisho, jambo ambalo lingekata mshipi mara samaki mzito aliposhika.

Kisa hiki kinatufundisha pia kutenganisha vitenzi vitatu. Kutengeneza ni kuondoa ubovu. Kukarabati ni kukirudisha kifaa chote katika hali yake njema ya kwanza. Kuboresha ni kukipa uwezo ambao hakikuwa nao, kama zile bamba za kaboni, au mshipi wa kusuka ulio mwembamba na usiotanuka kama nailoni, ambao humwezesha mvuvi kuhisi samaki akigusa chambo kilichozama mbali. Hati inayoyachanganya maneno haya humfanya mwenye mali alipie kazi asiyoiagiza.

Kwa hiyo tunapendekeza: kizongeo kwa kifaa kizima, gurudumu la mshipi kwa sehemu inayozongwa mshipi, mkono kwa kinachozungushwa, klachi kwa bamba zinazoteleza, na nyota kwa kinachozibana. Gia, skrubu na springi zibaki kama zilivyo, kwa kuwa mafundi wanazijua.

Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi imefanyika zaidi mezani, na meza ina faida yake. Lakini neno klachi lilikuwa tayari katika Kiswahili. Sisi tulilikosa kwa sababu tulikitazama kifaa kwa nje tu, na fundi alilipata kwa sababu alikifungua.