Profesa Wangwe: Mchumi aliyehoji viwanda kulala

JINA la Wangwe halihitaji utambulisho wilayani Tarime, mkoani Mara, ambako Chacha Wangwe alikuwa mbunge tangu mwaka 2005 hadi alipofariki dunia kwa ajali ya gari mwaka 2008. Katika taaluma ya uchumi, jina hilo ni la Profesa Samuel Wangwe, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuongoza taasisi mbili kubwa za utafiti nchini.

Swali lililomshughulisha kwa muda mrefu ni hili: kwa nini kiwanda kilichojengwa kwa gharama kubwa huzalisha chini ya uwezo wake? Alichapisha makala kuhusu suala hilo mwaka 1977, katika jarida la Shirika la Kazi Duniani (ILO), wakati taifa likitekeleza Mkakati wa Viwanda vya Msingi uliopangwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1995. Mwaka 1983 alirejea hoja hiyo katika jarida la World Development.

Kiwanda kinachotegemea malighafi na vipuri kutoka nje husimama fedha za kigeni zinapoadimika. Kujenga kingine cha aina hiyo ni kuongeza wagombea wa fedha zilezile chache, huku mashine zilizopo zikilala.

Mwaka 1994 alikuwa mkurugenzi mtendaji wa kwanza wa Taasisi ya Utafiti wa Uchumi na Jamii (ESRF). Mwaka 1995 alihariri kitabu cha Exporting Africa, kinachochunguza makampuni ya Afrika yaliyoweza kuuza bidhaa nje. Mwaka 2002 aliongoza kundi huru lililotathmini uhusiano wa Tanzania na wafadhili wake. Mwenendo wa wafadhili nao ukapimwa, si wa serikali peke yake.

Katika miaka ya 2010 aliiongoza REPOA, taasisi ya utafiti kuhusu kupunguza umaskini. Huko, mwaka 2014, alirudi tena kwenye viwanda kwa kuandika tathmini ya sekta hiyo pamoja na watafiti wa kizazi kilichomfuata. Mmoja wao, Dk. Donald Mmari, ndiye aliyemrithi katika uongozi wa taasisi hiyo. Huo ndio ulezi wa kitaaluma: mwanafunzi hujifunza utafiti kwa kuufanya pamoja na aliyemtangulia.

Kwa vijana wa Tarime na Serengeti wanaosomea uchumi, swali hilo liko karibu na nyumbani. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo, ulianza kuzalisha mwaka 2002, na wilaya ya Serengeti hupokea watalii wa hifadhi. Je, ni sehemu gani ya mahitaji ya mgodi na hoteli hununuliwa kwa wakulima na mafundi wa hapohapo, na ni nini kinachowazuia kuuza zaidi? Jibu linahitaji mtafiti atakayekwenda kuhesabu.