Chenga: Istilahi ya Picha na Hesabu ya Nyuki

Mwaka 2008 tawi la Japani la shirika la uhifadhi WWF lilitoa mabango ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ukilisogelea bango la panda unaona miraba tu. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, panda anajitokeza. Wabunifu wa kampuni ya matangazo ya Hakuhodo walikuwa wameipunguza picha mpaka idadi ya miraba ikalingana na idadi ya panda waliokadiriwa kubaki porini, yaani 1,600 hivi. Mraba mmoja, panda mmoja.

Wazo ni jepesi na linanasa macho, kwa hiyo mtu anayetaka kuonyesha kwa picha kwamba nyuki wanapungua hulikimbilia upesi. Mhariri wa Kiswahili anayeletewa picha ya namna hiyo hukwama mahali pawili. Kwanza, aiiteje? Pili, na hili ni gumu zaidi, je, picha hiyo inasema kweli?

Tuanze na jina. Ule mraba mdogo unaitwa pikseli, na neno hili limeshakaa. Kiingereza chenyewe kililiunda kwa kubana maneno mawili, la picha na la kipashio, na lilionekana katika maandishi mwaka 1965 kwa mkono wa Fred Billingsley, mhandisi wa maabara ya JPL huko California iliyokuwa ikichakata picha zilizotumwa na vyombo vya angani. Wapo wanaopendelea "nukta". Mimi naiacha nukta kwa wapiga chapa, ambao wana nukta zao za wino, na kwa wazee wetu walioitumia kuhesabia sekunde. Pikseli haina umbo la nukta wala haina ukubwa maalumu. Kwa kompyuta ni mahali penye namba tatu, moja ya wekundu, moja ya ukijani, moja ya ubluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukizizungusha namba hizo kwa kila namna unapata rangi zaidi ya milioni 16. Pikseli hii, pikseli hizi, katika ngeli ya I-ZI, na mambo yanakwenda.

Shida ni tendo lenyewe la kuzipunguza pikseli makusudi mpaka miraba ionekane kwa macho. Njia ya mkato ni kuunda "upikselishaji", neno ambalo msomaji atalimeza kama kidonge kikavu na mtangazaji wa redio atajikwaa nalo hewani. Na halina haja, maana neno lipo mtaani siku nyingi. Mchele ukikobolewa vibaya punje huvunjika zikawa chenga. Enzi za antena za juu ya bati, televisheni iliyoshika mawimbi kwa shida ilisemwa ina chenga, na leo picha iliyotumwa na kutumwa tena kwenye simu mpaka ikaharibika husemwa hivyohivyo. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo napendekeza "kutia chenga", na nomino yake "utiaji chenga". Kitenzi hicho kinabeba tofauti tunayoihitaji. Picha iliyo na chenga ni picha mbovu: kamera duni, mtandao mbovu, au mtu aliyekuza picha ndogo kupita kiasi. Picha iliyotiwa chenga ina mtu nyuma yake, aliyeamua. Msomaji anayeambiwa "imetiwa" ana haki ya kuuliza nani katia, na katia kiasi gani. Angalizo moja tu: usiandike "picha iliyopigwa chenga". Kupiga chenga ni mambo ya winga na beki wake, na picha nayo hupigwa, kwa hiyo sentensi itakwenda uwanjani kabla hujaikamata.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, kama inavyofanyika kwenye programu ya kuhariri picha, iwe Photoshop ya kulipia au GIMP ya bure. Unachukua picha yenye pikseli 3,600 kwa 3,600. Unaiagiza programu iipunguze hadi 36 kwa 36, kisha uirudishe kwenye ukubwa wa awali ukiwa umezima ulainishaji wa kingo. Kila pikseli mpya imemeza eneo la pikseli 10,000 za zamani. Imezimezaje? Kwa wastani. Tuseme nusu ya eneo hilo ni njano yenye namba 230, 200 na 80, na nusu nyingine ni rangi ya kutu yenye 170, 90 na 30. Mraba unaotoka una 200, 145 na 55. Ni rangi ya asali iliyokolea, ambayo haikuwapo popote kwenye picha ya kwanza.

Mfano huo wa njano na kutu nimeuchagua kwa sababu kuna nyuki anayeitwa kwa baka lake la kutu. Ni Bombus affinis wa Amerika Kaskazini, mnene, mwenye manyoya, wa jamii ambayo Afrika kusini mwa Sahara haina wake wa asili. Vibarua na madume wake wana baka dogo la rangi ya kutu kwenye pingili ya pili ya tumbo, malkia hana. Zamani alikuwa wa kawaida katika majimbo 28 ya Marekani na mikoa miwili ya Kanada. Idara ya wanyamapori ya Marekani ilipomwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2017, ilisema wingi wake ulikuwa umeshuka kwa asilimia 87 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwamba amebaki kwa vikundi vilivyotawanyika katika majimbo 13 na mkoa mmoja wa Kanada. Sababu zinazotajwa ni kadhaa na zinakwenda pamoja: maradhi, dawa za kuulia wadudu, mashamba makubwa yaliyomeza mbuga zenye maua, na mabadiliko ya tabianchi.

Huyu ndiye nyuki ambaye mtu mwenye nia njema atataka kumtia chenga, maana asilimia 87 ni namba kubwa na ya kuaminika. Tukiondoa asilimia 87 ya pikseli zake, inabaki asilimia 13. Sawa. Lakini asilimia 13 ya ngapi?

Chukua picha ya kawaida ya simu, pikseli 4,000 kwa 3,000, jumla milioni 12. Asilimia 13 yake ni 1,560,000, yaani picha ya takriban 1,442 kwa 1,082. Ifungue kwenye simu yenye kioo cha pikseli 1,080 kwa upana: inang'aa, manyoya yote yapo, chavua inaonekana miguuni. Nyuki amepungua kwa asilimia 87 na hakuna aliyestuka. Anza badala yake na picha ya 100 kwa 100. Sasa zinabaki 1,300, karibu sawa na 36 kwa 36, na ndipo tunapopata ile picha ya bango, nyuki anayeonekana ukirudi nyuma. Anza na 20 kwa 20, na zinabaki 52. Mraba wa saba kwa saba una pikseli 49. Hapo hakuna nyuki, kuna mabaka ya njano, kahawia na kijani ambayo yangeweza kuwa kiazi shambani.

Picha tatu, asilimia ileile, habari tatu. Ya kwanza inasema hakuna kilichotokea, ya pili inaonya, ya tatu inatangaza msiba. Aliyechagua ukubwa wa mwanzo ndiye aliyechagua habari, na chaguo hilo halionekani popote kwenye picha iliyokamilika.

Wajapani hawakuwa na tatizo hili, kwa sababu panda huhesabika. Sensa ya China iliyotoa makadirio mwaka 2004 ilipata 1,596, na iliyofuata, iliyotangazwa mwaka 2015, ikapata 1,864. Kila pikseli ilikuwa na mnyama wake. Hata hivyo linganisha picha za hesabu hizo mbili: ya kwanza ni kama 40 kwa 40, ya pili ni kama 43 kwa 43. Jicho halitambui tofauti, ilhali ongezeko hilo lilichangia panda kushushwa daraja moja la hatari na shirika la IUCN mwaka 2016. Chenga husema vizuri juu ya uchache. Juu ya mwendo wa hesabu, kupanda au kushuka, husema kwa kigugumizi.

Nyuki hakuna anayewahesabu mmojammoja. Spishi zinazojulikana zinazidi 20,000, nyingi zikiishi pekepeke ardhini au kwenye mashina, bila mzinga wala malkia. Kinachohesabiwa ni mara ngapi wameonekana, au ni spishi ngapi zimeandikwa. Uchambuzi wa kumbukumbu za dunia nzima uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kati ya 2006 na 2015 spishi zilizoripotiwa zilikuwa pungufu kwa robo hivi kuliko kabla ya miaka ya 1990. Ukiamua kuonyesha robo hiyo kwa chenga, pikseli moja ni nani? Si nyuki mmoja. Ni sehemu ya orodha ya spishi, jambo ambalo picha ya nyuki mmoja juu ya ua moja haiwezi kulibeba hata ukiikatakata vipi.

Na mara nyingi nyuki anayewekwa kwenye picha ni yule wa asali, kwa kuwa ndiye mwenye picha nyingi. Mizinga ya kufugwa duniani imeongezeka tangu mwaka 1961, kwa mujibu wa takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ingawa wafugaji wa Marekani na Ulaya wamekuwa wakipoteza makundi mengi kila kipupwe na kulazimika kuyajaza upya. Huku kwetu habari ni nyingine tena. Utitiri wa Varroa, uliowatesa nyuki wa Ulaya na Amerika, uliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Lakini watafiti waliopima makundi katika sehemu mbalimbali za Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, hawakukuta kwamba utitiri huo unayadhoofisha. Gazeti likichukua nyuki wa mzinga wa Tabora, likamtia chenga, likaandika chini yake "nyuki wanatoweka", limemkopesha nyuki wa Tabora msiba wa Minnesota, Marekani. Hao wa kwetu wana mashaka yao, ukataji misitu na sumu za mashambani, na wanastahili takwimu zao wenyewe.

Kuna hasara nyingine inayoniudhi kuliko hizo za hesabu. Rudi kwenye picha ya 36 kwa 36. Nyuki akiwa amekaa juu ya ua na kuchukua theluthi ya upana wa picha, mwili wake wote una pikseli 12 hivi kutoka kichwa hadi ncha ya tumbo. Baka la kutu linaangukia pikseli moja au mbili, nazo zimeshachanganywa na njano ya jirani kwa ule wastani tuliouona, zikatoa rangi ya asali. Baka limekwisha. Alama iliyompa jina na inayosaidia kumtenga huyu na ndugu zake wengine wa Bombus, ambao baadhi yao hawana shida yoyote, imefutwa na picha iliyokusudiwa kumtetea. Nyuki aliye karibu kutoweka na nyuki aliyejaa tele wanatoka sawasawa.

Zipo njia nyingine za kuediti, kama wasemavyo vijana wa studio. Kufifisha rangi mpaka nyuki abaki wa kijivu ni rahisi na kumechosha. Kufuta, yaani kumwondoa nyuki na kuliziba pengo kwa pikseli zilizonakiliwa pembeni, kuna nguvu zaidi lakini kunagusa mwiko: mashindano makubwa ya picha za wanyamapori, likiwamo la Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, hayaruhusu kuongeza wala kuondoa kitu. Picha iliyoshinda shindano hilo mwaka 2022, ya Karine Aigner, ilikuwa ya nyuki wa Texas, madume wamejikusanya kama tufe wakigombea jike mmoja. Ni picha ya wingi, na haijafutwa kitu. Mtu angeweza kuichapisha chini ya kichwa cha habari kisemacho nyuki wamejaa, akadanganya bila kugusa pikseli hata moja.

Ufutaji ninaouheshimu kuliko wote ulifanywa kwa mikono. Mwaka 2013 duka la Whole Foods la mjini Providence, Marekani, liliondoa kwenye meza za matunda na mboga kila kinachotegemea wachavushaji: bidhaa 237 kati ya 453, na kupiga picha ya kabla na ya baada. Matufaha hayapo, ndimu hazipo, maboga hayapo. Mtazamaji mwenye mashaka angeweza kuhesabu meza zilizobaki tupu, na mahali pa kuanzia hesabu palionekana kwenye picha ya kwanza.

Hicho ndicho picha ya chenga inachokosa, na ndicho maelezo ya chini ya picha yanapaswa kuirudishia. Kwa picha ya yule nyuki wa baka la kutu, mimi ningeandika hivi: "Bombus affinis, Amerika Kaskazini. Picha imetiwa chenga na mhariri: ilianza na pikseli 10,000, zimebaki 1,296, kuwakilisha kushuka kwa asilimia 87 kulikotangazwa mwaka 2017. Pikseli moja haiwakilishi nyuki mmoja. Baka la kutu halionekani kwa kiwango hiki; tazama picha ndogo ya pembeni." Mhariri wa kurasa atalalamika kwamba ni marefu. Apunguze ukubwa wa picha, maneno yabaki.