Kadi ya Benki kwa Matumizi ya Ng'ambo

Kadi ya benki kwa matumizi ya ng'ambo ni kadi ambayo msafiri huitumia kulipia na kutolea fedha katika nchi yenye sarafu tofauti na ile iliyomo kwenye akaunti yake. Yaweza kuwa kadi ya debiti, inayokata papo hapo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo, ambapo benki hulipa kwanza na mteja akarudisha baadaye. Au kadi ya kujaza, ambayo haina zaidi ya kile kilichotiwa ndani yake. Anayechagua kati ya hizo kwa kawaida huanza na jedwali la makato: kadi hii kwa mwaka shilingi ngapi, kutoa fedha kwenye ATM ya nje shilingi ngapi. Makala hii inashikilia kwamba huko ni kuanzia mahali pasipofaa. Kinachokula fedha ya msafiri hasa ni kubadilishwa kwa sarafu, na kadi nzuri ni ile ambayo mwenyewe anajua fedha yake itabadilishwa mara ngapi, na kila mara ni nani anayepanga bei.

Hundi za wasafiri, ambazo American Express ilianza kuziuza mwaka 1891, zilikuwa na kero zake, lakini mnunuzi alijua kabla hajaondoka kwao kwamba ametoa kiasi gani kupata dola ngapi. Kadi ziligeuza utaratibu huo. Visa ilianza kwa jina la BankAmericard mjini Fresno, California, mwaka 1958, ikachukua jina lake la sasa mwaka 1976. Mastercard inaitwa hivyo tangu 1979. Kwa kadi mtu hununua leo kwa dirham au rupia, na hesabu kamili ya shilingi alizokatwa huijua muamala ukishakamilishwa, pengine siku mbili tatu baadaye. Ni urahisi mkubwa, lakini una harufu ya mbuzi kwenye gunia.

Chukua bili ya hoteli ya dirham 1,000 mjini Dubai, inayolipwa kwa kadi ya akaunti ya shilingi za Tanzania. Benki ya mwenye hoteli hupeleka madai yake kwenye mtandao wa kadi, nao mtandao huigeuza dirham kwa kiwango chake cha siku. Kiwango hicho aghalabu hakiko mbali na cha soko, na yeyote anaweza kukisoma kwenye tovuti za Visa na Mastercard. Pale ambapo benki iliyotoa kadi inalipana na mtandao kwa dola, humuuzia mteja wake dola hizo kwa bei yake ya kuuzia. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, hivyo bili ni dola 272.29. Tuseme, kwa kurahisisha hesabu, bei ya katikati ya dola ni shilingi 2,500 na benki inauza kwa 2,550. Bili ambayo ingekuwa shilingi 680,725 inakuwa 694,340. Benki ikiongeza makato ya asilimia 3 kwa muamala wa nje, kiwango ambacho si cha ajabu, jumla inafika 715,170. Pengo ni shilingi 34,445 kwa bili moja, na 13,615 kati ya hizo hazina mstari wao kwenye taarifa ya benki, kwa sababu zimemezwa ndani ya bei ya dola. Ada ya ATM ambayo mtu aliihangaikia dirishani inaonekana ndogo mbele ya hesabu hii.

Hapo ndipo kadi ya akaunti ya dola inapopata hoja yake, na hoja hiyo ina nguvu kwa safari fulani kuliko nyingine. Riali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa 3.75 tangu 1986, na riali ya Omani kwa dola 2.6008 tangu mwaka huohuo. Kwa anayekwenda umra Makka, kununua bidhaa Dubai au kusalimia jamaa Muscat, kutoka dola kwenda sarafu ya huko ni hesabu ambayo matokeo yake yanajulikana kabla ya safari, na makato ya benki tu ndiyo yanayoweza kuivuruga. India ni habari nyingine. Rupia hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo anayempeleka mgonjwa hospitali ya Chennai akiwa na kadi ya dola amefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi: shilingi zake amezigeuza mapema, lakini dola zitageuzwa rupia kwa bei ya siku ya malipo.

Mpinzani atauliza: mshahara wangu ni wa shilingi, sasa hizo dola si nitazinunua benki ileile kwa 2,550 ileile? Ni swali zuri, na wanaoisifu akaunti ya dola hulipita haraka mno. Kubadilisha hakukufutwa, kumesogezwa tu. Lakini kumesogezwa hadi siku ambayo mteja bado ana nafasi ya kuchagua: anaweza kulinganisha bei ya benki mbili na ya duka la kubadilisha fedha, na kama kiasi ni kikubwa anaweza hata kuomba apunguziwe, jambo ambalo mashine ya POS ya hoteli haimruhusu. Faida ya pili inategemea jibu la swali moja la kuuliza kabla ya kusaini fomu: je, kadi ya dola nayo hukatwa asilimia ya muamala wa nje? Kama hukatwa, na akaunti ina ada ya kila mwezi au makato ya kuweka dola taslimu, basi kwa mtu wa safari moja ya siku tano kadi yake ya kawaida ya shilingi inatosha kabisa.

Hata mwenye kadi nzuri anaweza kuiharibu faida yake kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kadi ya dola ikichomekwa kwenye mashine ya duka, kioo huweza kuonyesha mistari miwili: AED 1,000.00, na chini yake USD 285.90, ikimtaka mteja achague. Dola anazijua, dirham hazijui vizuri, na mara nyingi muuzaji amekwisha kunyoosha kidole kuelekea mstari wa chini, au ameshambonyezea. Dola 285.90 dhidi ya 272.29 ni nyongeza ya asilimia 5, na kiwango hicho kimepangwa na upande wa muuzaji, yaani benki yake au kampuni inayoihudumia, ambayo mara nyingi humgawia muuzaji sehemu ya faida. ATM nazo hufanya vivyo hivyo: huonyesha kiwango na kuuliza kama unakubali au unakataa. Wengi hukubali wakidhani kukataa ni kuacha kutoa fedha, kumbe kwa kawaida fedha hutoka vilevile, ila kwa kiwango cha mtandao wa kadi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2019, uliwalazimisha watoa huduma hii waonyeshe nyongeza yao kama asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Biashara iliyo wazi isingehitaji kulazimishwa. Wanaoitetea husema mteja anapata uhakika, anajua palepale ametumia dola ngapi. Uhakika huo anaupata, na katika mfano wetu ameulipia dola 13.61.

Wengine huona yote haya ni usumbufu na kwamba dola taslimu zinatosha. Taslimu zina nafasi yake kwa teksi, sadaka na soko la samaki, na hakuna kadi itakayoziondoa. Lakini nazo hubadilishwa, mara nyingi kwa bei mbaya uwanja wa ndege, na noti ya toleo la zamani au yenye mkunjo huweza kukataliwa kabisa. Zikiibiwa zimekwenda. Kadi iliyoibiwa hufungwa kwa simu moja.

Aina ya kadi inakuja baada ya hesabu hiyo ya sarafu. Kadi ya mkopo inafaa hotelini na kwa kukodi gari, kwa sababu amana inayozuiliwa siku ya kuingia ni ya benki. Kwa kadi ya debiti inazuiliwa fedha ya msafiri mwenyewe, na huenda ikachukua siku kadhaa kufunguliwa akiwa ameshahama mji. Kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo, hata hivyo, kwa kawaida huanza kuzaa riba siku hiyohiyo. Kadi ya kujaza inamlinda mtu na mwizi na pia na mkono wake mwenyewe, lakini baadhi ya hoteli na kampuni za magari huikataa, na salio linalobaki humegwa na ada za kutotumika. Kadi zisizoshikika, kama ile ya M-Pesa ambayo Safaricom na Visa waliizindua Kenya mwaka 2022, ni nzuri kwa kulipia tiketi na vyumba mtandaoni, ila haziwezi kuchomekwa kwenye ATM ya Istanbul.

Mitandao nayo haifiki kila mahali. Wafanyabiashara wanaofuata mzigo Guangzhou na Yiwu, nchini China, hukuta maduka mengi yasiyopokea Visa wala Mastercard moja kwa moja. Tangu 2023 kadi hizo zinaunganishwa kwa wepesi zaidi na programu za malipo za Alipay na WeChat, bila ada kwa malipo ya hadi yuan 200 na kwa asilimia 3 zaidi ya hapo, na wapo pia wanaochukua kadi ya UnionPay, mtandao wa China, kwa benki za kwao. Mambo hugeuka ghafla vilevile: Machi 2022 Visa na Mastercard zilisitisha shughuli Urusi, na kadi za nje zikaacha kufanya kazi huko; Oktoba 2023 benki za Misri zilizuia kadi za debiti za akaunti za pauni ya Misri kutumika nje ya nchi. Kwa hiyo kadi ya pili, ya benki nyingine na ikiwezekana ya mtandao mwingine, si anasa, na haifai kukaa kwenye pochi moja na ya kwanza.

Benki nyingi huiacha kadi imefungwa kwa matumizi ya nje mpaka mteja aombe ifunguliwe, na ombi hilo ni rahisi kulifanya akiwa bado nyumbani. Malipo ya mtandaoni hudai namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu iliyosajiliwa benki. Msafiri aliyenunua laini mpya uwanja wa ndege atakaa mbele ya kioo akiisubiri, na ile namba inatafuta laini yake ya nyumbani, iliyofungwa kwenye kikaratasi chini ya begi.