Jino la Kuziba na Jino la Kung'oa

Somo letu la leo lahusu meno. Nikikuuliza wewe mkazi wa Buguruni, "Daktari wa meno ana kazi gani?" huenda ukanijibu upesi: "Kung'oa." Jibu hilo lina historia yake. Na tuitazame pamoja.

Wazee wetu wa pwani walisafisha meno kwa mswaki wa mti, na jino likiuma walitia karafuu. Maumivu yalitulia, lakini tundu lilibaki. Mwaka 1897 ilianzishwa Hospitali ya Sewa Haji, kwa fedha za tajiri wa Kihindi wa jina hilo, itibu Waafrika na Wahindi. Wazungu walikuwa na yao ya Ocean Road. Mwaka 1956 ikafunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru iliitwa Muhimbili. Lakini madaktari wa meno walikuwa wachache mno, na wenye shahada walisomea ng'ambo. Mgonjwa alivumilia mpaka yakamshinda, na alipofika, jino lilikuwa limekwisha haribika. Likang'olewa. Ndipo watu wakaamini ya kuwa daktari huyu ni koleo tu.

Mwaka 1979 mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Likazuka swali: utalizibaje jino mahali pasipo umeme wa kuendesha mashine? Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa chuo hicho walipata njia. Walikwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha wakaziba tundu kwa dawa inayoshikamana na jino. Hapana mashine, na mara nyingi hapana hata sindano ya ganzi. Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa. Basi ujue ya kuwa mji wako uliufundisha ulimwengu kuziba jino.

Sasa shika mambo haya. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Tundu dogo haliumi, nalo huzibika. Likianza kuuma kwa maji baridi, uozo unakaribia kiini, usingoje. Ufizi ukitoka damu unapopiga mswaki, una uchafu uliogandamana, nao wataka kusafishwa. Shavu likivimba pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo, maana usaha waweza kushuka shingoni na kuua.

Utampata wapi daktari? Anza Kituo cha Afya cha Buguruni, uulize huduma ya meno hutolewa siku gani. Karibu nawe, Ilala, ipo Hospitali ya Amana. Shida ikiwa kubwa, utaandikiwa barua ya kwenda Muhimbili. Ukienda kwa daktari wa binafsi, omba kuona cheti chake cha Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye nacho hatakasirika.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kwenye mwanga, tazama meno ya watoto wako, kisha yako kwa kioo. Ukiona tundu jeusi lisilouma, hiyo ndiyo siku ya kwenda.