Korongo Mwenye Mshale

Wasikilizaji, watu wa Ulaya hujua kwamba baridi imekwisha wawaonapo korongo weupe wakirejea juu ya mapaa yao. Lakini zamani hawakujua ndege walikokwenda wakati wa baridi. Hata wenye elimu waliandika kwamba mbayuwayu hujificha chini ya maji.

Basi mwezi wa Mei, 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo aliyechomwa mshale shingoni. Mshale huo, urefu wake sentimita 80 hivi, ulikuwa wa Afrika. Ndege yule alijeruhiwa huku, akaruka nao mpaka Ulaya! Yungali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye, mwaka 1899, Mortensen wa Denmark alianza kuwavika ndege pete zenye namba, na njia zao zikajulikana zaidi.

Wanavijiji wengi wa Ulaya huweka magurudumu juu ya nyumba zao ili korongo wajenge viota. Lakini gurudumu halimlishi ndege. Malisho yenye maji yakikaushwa, vyura hutoweka, na makinda hufa njaa. Kijiji cha Čigoć, Kroatia, kilichopewa jina la Kijiji cha Korongo mwaka 1994, kina viota vingi kwa kuwa malisho yake hufurika maji.

Nasi tuna sehemu yetu. Afikapo kwetu, korongo hula nzige na viwavijeshi mashambani. Tukimwua au kumtilia sumu, twajipunguzia msaidizi, na huko Ulaya kiota kimoja hukaa kitupu.